Kumlinda Mtoto na Maambukizi Baada ya Upasuaji wa Macho

*Maelezo yaliyotolewa mbele ya wazazi na walezi ambao watoto wao wanasubiri upasuaji wa macho. Yamechapwa humu kwa faida ya walaji wote.*



Wengine wenu mmepakata watoto, wengine mmeondoka majumbani tangu alfajiri. Kwa hiyo hatutawachosha kwa utangulizi mrefu. Huenda baadhi yenu mnajiuliza kwa nini ofisi inayoshughulikia haki za mlaji, ambayo mmezoea kuisikia ikizungumzia mizani ya sukari na vyakula vilivyopita muda wake, leo imesimama kuzungumzia macho ya watoto. Jibu ni kwamba upasuaji ni huduma, na matone ya dawa mtakayopewa au mtakayonunua baada yake ni bidhaa. Anayepokea huduma hiyo na kununua bidhaa hiyo ana haki ya kuuliza, kuelezwa na kulalamika. Na katika jambo hili, mzazi asipouliza mapema, anayelipa ni mtoto.

Tuanze na kisa. Baba mmoja alifika kwenye dirisha letu la malalamiko akiwa amefunga kichupa cha matone ndani ya leso. Mwanawe wa miaka minne alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho la kulia ili kuondolewa mtoto wa jicho. Siku ya kwanza alitazamwa, akaonekana mzima, wakaruhusiwa kurudi nyumbani. Siku ya nne, wakiwa wamekwisha kufika kijijini, kope zilivimba na mtoto akawa hataki kufumbua jicho. Jirani akasema vidonda ndivyo vinavyopona. Baba hakuridhika, akaenda duka la dawa la karibu, akaeleza, akauziwa matone. Kwa siku mbili wekundu ulipungua, na nyumba nzima ikashukuru. Siku ya tatu usaha ulionekana ndani ya jicho, nyuma ya kioo cha mbele, umetuama kama maziwa chini ya glasi. Walipofika hospitali, madaktari walifanya walichoweza. Jicho lilibaki mahali pake, lakini nuru yake ilikuwa imekwisha kuondoka.

Baba yule alitaka tulichukulie hatua lile duka. Tulipokitazama kichupa, tuliona kuwa dawa ile ilikuwa steroidi peke yake. Steroidi hutuliza uvimbe na wekundu, lakini haiui bakteria hata mmoja, na zaidi ya hayo huupunguzia mwili nguvu ya kupigana nao. Ndiyo maana jicho lilionekana kupoa kwa nje huku likiungua kwa ndani. Lakini boksi lilikuwa limetupwa, risiti haikutolewa, na lebo ilikuwa imechubuka hata namba ya toleo haikusomeka. Hatukuwa na cha kushika. Kisha akatuonyesha karatasi aliyopewa siku ya kuruhusiwa. Dalili za hatari zilikuwa zimeandikwa humo, vizuri kabisa, katika mistari mitatu, kwa Kiingereza, lugha ambayo yeye hajui kuisoma.

Hatukumweleza baba yule kwamba alikosea, kwa sababu hakukosea. Aliona mabadiliko, akatafuta msaada siku ileile, akatumia fedha aliyokuwa nayo. Alichokosa ni maelezo. Hayo ndiyo tuliyokuja kuwapa leo.

Kwanza tuondoe hofu isiyo na msingi. Maambukizi ya ndani ya jicho baada ya upasuaji ni jambo la nadra. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1992, uliohusu watoto waliopasuliwa kwa ajili ya mtoto wa jicho na presha ya jicho, ulikuta takriban visa 7 katika kila pasuaji 10,000. Kwa hiyo asitoke mtu hapa akisema kwamba ofisi ya mlaji imemshauri aahirishe upasuaji. Mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho hana muda wa kusubiri. Jicho huona, lakini ubongo ndio unaojifunza kutambua kinachoonekana, na hujifunza katika miezi na miaka ya mwanzo. Ukifunikwa na ukungu katika kipindi hicho, hata lenzi ikisafishwa baadaye jicho linaweza kubaki vivu maisha yote. Mzazi anayeona weupe katika mboni ya mtoto aende kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo, maana weupe huo pia unaweza kuwa saratani ya jicho, ambayo haimsubiri mtu.

(Tumekuta mara nyingi kwamba jina lenyewe huwachanganya watu. Kwa kuwa babu na bibi ndio wanaosifika kwa ugonjwa wa mtoto wa jicho, wazazi hudhani mtoto mdogo hawezi kuupata. Anaweza, na wapo wanaozaliwa nao.)

Sasa, kama ni jambo la nadra, kwa nini tulizungumzie? Kwa sababu likitokea linakwenda kwa saa, si kwa wiki. Ndani ya jicho mna maji na ute mzito kama ute wa yai, na humo bakteria wakiingia hupata mahali pa joto, penye unyevu, pasipo na askari wa kutosha wa mwili. Dawa ya kumeza au ya sindano ya mkononi haifiki humo kwa nguvu inayotakiwa, kwa kuwa mishipa ya damu ya jicho ina ukuta unaochuja mambo mengi yasipite. Kwa hiyo daktari hulazimika kuchoma sindano ya antibiotiki ndani ya jicho lenyewe, na mara nyingine kuusafisha ute wote. Mtu mzima hufanyiwa hayo kwa ganzi. Mtoto hutakiwa kulazwa tena kwa nusu kaputi, jambo linalohitaji daktari wa usingizi, chumba cha upasuaji kilicho wazi na tumbo la mtoto lisilo na chakula. Hayo yote hula saa. Mzazi akichelewa siku mbili nyumbani, saa hizo huongezeka juu ya siku mbili.

Bakteria hao hutoka wapi? Wengi hudhani hutoka kwenye kisu cha daktari. Inawezekana, na ndiyo maana vifaa hutakaswa kwa mvuke. Lakini mara nyingi hutoka kwa mgonjwa mwenyewe, katika kope zake, ngozi ya uso wake na pua yake. Kabla ya upasuaji mtaona jicho la mtoto linatiwa dawa ya rangi ya kahawia ambayo hupaka hata shavu. Wapo akina mama walioingiwa na hofu walipoiona rangi hiyo. Ni povidoni ayodini, dawa ya bei nafuu na mojawapo ya kinga bora zinazojulikana. Afrika Mashariki ina sehemu katika historia yake: mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya kwa watoto wachanga zaidi ya 3,000, yakionyesha kwamba tone la dawa hiyo, lililozimuliwa hadi asilimia 2.5, liliwakinga na maambukizi ya macho vizuri zaidi kuliko dawa mbili zilizokuwa zimezoeleka. Katika upasuaji hutumika nguvu ya asilimia 5. Tafadhali msiinunue ile ya vidonda madukani na kuitia wenyewe. Ile ina nguvu zaidi, na nyingine huchanganywa na sabuni inayoweza kuunguza jicho.

Kinga ya pili ni antibiotiki inayowekwa ndani ya jicho mwishoni mwa upasuaji. Utafiti mkubwa wa nchi kadhaa za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2007, uliwafuatilia watu wazima waliotolewa mtoto wa jicho. Wale ambao hawakuwekewa dawa hiyo walipata maambukizi takriban mara tano zaidi ya wale waliowekewa. Ulihusu watu wazima, lakini madaktari wengi wa watoto wameichukua desturi hiyo. Si ujeuri mzazi kumuuliza daktari: "Daktari, mtamwekea mwanangu dawa ya kuzuia maambukizi ndani ya jicho?" Daktari anayejua kazi yake atajibu kwa furaha.

Nanyi pia mna jambo la kumwambia. Mtoto akiwa na mafua, kikohozi, usaha sikioni, chunjua usoni au jicho linalotiririka machozi na tongotongo kila siku, msimfiche daktari kwa kuogopa kupangiwa tarehe nyingine. Tunajua maana ya kupangiwa tarehe nyingine. Mzazi wa Kigoma aliyepanda basi hadi Moshi, au wa Lindi aliyefika Dar es Salaam na amefikia kwa shemeji, anaona kurudi mikono mitupu ni hasara isiyobebeka. Hata hivyo pua inayotiririka na mrija wa machozi ulioziba ni visima vya bakteria vilivyo jirani kabisa na kidonda. Semeni, kisha daktari apime mwenyewe kipi kizito.

Wapo pia watoto wanaopasuliwa macho yote mawili kwa usingizi mmoja, kwa sababu nyumbani ni mbali au kwa sababu usingizi wa pili una hatari zake. Hapo ulizeni jambo moja tu: je, jicho la pili linahesabiwa kuwa mgonjwa wa pili? Maana yake vifaa vingine vilivyotakaswa, glavu nyingine, na kuoshwa upya kwa kope.

Tukija kwenye siku za nyumbani, hapo ndipo penye uzito wa mazungumzo yetu. Mtu mzima aliyepasuliwa jicho atasema, "Usiku sikulala, jicho linanichoma, naona giza." Mtoto wa miezi minane hasemi. Hata wa miaka mitano, akijua kwamba akilalamika atarudishwa kwenye sindano, atanyamaza. Kwa hiyo macho ya mzazi ndiyo kinywa cha mtoto.

Siku moja au mbili baada ya upasuaji jicho huwa jekundu kidogo, hutoa machozi, na kope huwa nzito. Hilo ni la kawaida. Kipimo tunachowapa, ambacho hakihitaji kifaa wala cheti, ni hiki: kila siku inapaswa kuwa bora kuliko jana yake. Jicho lililokuwa jekundu jana, leo liwe jekundu kidogo zaidi ya hapo kwa kushuka, si kwa kupanda. Mtoto aliyefumbua nusu jana, leo afumbue zaidi. Leo ikiwa mbaya kuliko jana, hata kidogo, rudini siku hiyohiyo, hata ikiwa Jumapili au sikukuu, hata kama tarehe mliyopewa ni Alhamisi ijayo.

Tazameni hasa kope zinazovimba upya baada ya kuwa zimepungua, utokaji wa majimaji mazito ya njano au kijani, konea iliyopoteza mng'ao na kuwa kama kioo kilichopuliziwa pumzi, mstari mweupe wa usaha chini ya mboni, na mwanga kumuumiza mtoto hata anajificha uso kifuani mwa mama. Kwa mtoto anayenyonya, kukataa ziwa na kulia usiku kucha ni lugha ya maumivu. Msisubiri homa. Jicho linaweza kuharibika kabisa huku mwili wa mtoto hauna joto lolote, na tumesikia wazazi waliorudishwa nyumbani kutoka zahanati kwa sababu kipimajoto kilisema mtoto mzima. Mkifika zahanati au kituo cha afya, neno la kwanza liwe, "Huyu mtoto alipasuliwa jicho siku kadhaa zilizopita," kisha ombeni rufaa ya daktari wa macho, si matone.

Maambukizi mengi makali hujitokeza ndani ya wiki ya kwanza. Yapo yanayotambaa polepole, hasa ya fangasi, ambayo huonekana baada ya wiki kadhaa. Na mtoto aliyepasuliwa kwa ajili ya presha ya jicho ana habari yake peke yake: baadhi ya pasuaji hizo huacha kijilengelenge chini ya kope la juu kinachopitisha maji, na kupitia hapo maambukizi yanaweza kuingia hata baada ya miaka. Jicho jekundu lenye usaha kwa mtoto huyo ni dharura, awe na miaka mitatu au kumi na mitatu. Upasuaji wa makengeza haufungui jicho kwa ndani, kwa hiyo hatari yake ni tofauti. Hapo mnachunga uvimbe mkubwa unaozunguka jicho zima na jicho kusukumwa mbele au kushindwa kugeuka.

Sasa matone. Kwa kawaida mtoto hupewa antibiotiki na steroidi, na steroidi hutiwa mara nyingi kwa siku kwa sababu jicho la mtoto huchachamaa baada ya upasuaji kuliko la mtu mzima. Mtauliza: si hiyohiyo steroidi iliyomponza mtoto wa kile kisa? Ni hiyohiyo. Ikitumika kwa kipimo cha daktari, pamoja na antibiotiki, na jicho likitazamwa kwa tarehe zilizopangwa, ni dawa njema. Ikinunuliwa kwa kubahatisha, ni pazia linalofunika moto. Ikitumika muda mrefu bila kupimwa, hupandisha presha ya jicho kimyakimya. Kwa hiyo msiiache kabla ya siku zake, wala msiiongezee siku kwa kuwa chupa bado ina dawa.

Mtoto mdogo hukaza macho mara aonapo chupa, na vita huanza. Njia ipo. Mlazeni chali, macho yakiwa yamefumbwa, mtoneni tone kwenye kona ya ndani, karibu na pua, kisha msubiri. Akifumbua, dawa itateleza na kuingia yenyewe. Hata usingizini inawezekana kwa kuvuta kope ya chini taratibu. Kabla ya hapo mikono ioshwe kwa sabuni, na iachwe ikauke au ifutwe kwa kitambaa safi, si kwa kanga ambayo imefutia meza. Ncha ya chupa isiguse kope, wala shavu, wala kidole. Ikigusa, vijidudu hupanda ndani ya chupa, na kuanzia hapo kila tone ni tone la uchafu. Kama dawa ni mbili, pitisheni dakika tano kati ya moja na nyingine, la sivyo ya pili huisukuma nje ya kwanza.

Chupa ya mtoto ni ya mtoto huyo peke yake. Asitiwe nayo ndugu yake mwenye macho mekundu, wala bibi. Siku ya kuifungua andikeni tarehe juu yake kwa kalamu. Matone mengi hutakiwa kutupwa wiki nne baada ya kufunguliwa, hata kama tarehe ya mwisho iliyochapwa ni ya mwaka ujao. Baadhi huhitaji jokofu, hivyo kama nyumbani halipo, semeni mapema ili mpewe yasiyolihitaji.

Mkiambiwa mkanunue, nendeni famasi au duka la dawa lililosajiliwa, na mkabidhi cheti cha daktari, si maelezo ya mdomo. Someni neno lililo kwenye boksi: ni ya macho au ya masikio? Vichupa hivyo hufanana kama mapacha, na dawa ya sikio ikitiwa jichoni huunguza. Angalieni kama kizibo hakijakatwa. Dawa iliyomiminwa kutoka chupa kubwa kwenda ndogo msiipokee hata kwa bure.

Huenda mtu akasema chupa ikiwa imefungwa kiwandani, basi yaliyomo ni safi. Kwa kawaida ndivyo ilivyo. Lakini mwaka 2023 huko Marekani ziligundulika chupa za machozi bandia, bidhaa inayouzwa bila cheti cha daktari, ambazo zilihusishwa na bakteria sugu aitwaye Pseudomonas. Watu 81 katika majimbo 18 waliambukizwa. 14 walipoteza uwezo wa kuona, wanne waliondolewa jicho, na wanne walifariki dunia. Matone yale yalitengenezwa nchi nyingine na kununuliwa kwa njia za kawaida kabisa, na watu wale hawakuhitaji kuwa wamepasuliwa ili wadhurike. Mamlaka za huko ziliweza kuwatangazia watu waache kuyatumia na kuirudisha bidhaa kwa sababu bidhaa ilijulikana kwa jina lake na chupa zilizofunguliwa zilipimwa. Ndiyo maana tunawasihi mhifadhi boksi, chupa na risiti kwa muda wote wa matibabu, na wiki chache baada yake. Namba ya toleo iliyochapwa pembeni, ile ambayo hakuna anayeisoma, ndiyo inayotuwezesha kuwafikia wengine walionunua kutoka fungu hilohilo.

Kuhusu dawa za nyumbani tutasema machache, kwa heshima. Tunajua kwamba jicho likiwasha, mama humtonea mtoto maziwa yake. Kwamba bibi ana majani yake. Kwamba kuna wanaosifu asali. Na kwamba pwani mtoto hupakwa wanja apendeze. Maziwa ya mama ni chakula bora kuliko vyote, lakini kwenye kidonda cha jicho ni chakula cha bakteria pia. Majani hubeba udongo. Wanja una vumbi laini, na aina nyingine zimekutwa na madini ya risasi. Mwombeni bibi aweke kando vyote hivyo mpaka daktari atakaposema jicho limefunga. Kina bibi ni watu wa kuelewa wakielezwa mapema; ugomvi huzuka wanapokuta jambo limeamuliwa bila wao. Usiku mtoto avae kile kikombe cha plastiki cha kufunika jicho, kwa sababu mkono wa mtoto aliyelala haujui amri. Mchangani, bwawani na baharini asiende kwa wiki ambazo daktari atazitaja, na kichwa kioshwe kwa kulazwa nyuma, maji yasishuke usoni.

Tumebakiza fedha. Tumewauliza wazazi wengi waliochelewa kurudi hospitali, na wachache sana walisema hawakuona dalili. Waliziona. Walisema hawakuwa na nauli, au waliogopa kutozwa upya gharama za kulazwa, au waliogopa kukaripiwa kwamba wamelichafua jicho. Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi ya kukubali upasuaji, ulizeni: mtoto akipata tatizo ndani ya mwezi mmoja, kurudi kwetu kutagharimu kiasi gani, na nani anaweza kutusaidia kama hatuna? Hospitali kubwa huwa na ofisa ustawi wa jamii, na kazi yake ni hiyo. Ulizeni namba ya simu inayopokewa usiku. Na nauli ya kurudi itengwe siku ileile ya upasuaji, ifungwe kwenye pindo la kanga au iwekwe kwenye simu, isiguswe hata kwa ada ya shule mpaka daktari atakapowaruhusu. Mkiona kurudi kijijini ni mbali mno, fikirini kukaa kwa ndugu karibu na hospitali kwa wiki ya kwanza.

Siku ya kuruhusiwa, msiondoke na karatasi msiyoielewa. Mwombeni muuguzi awasomee kwa Kiswahili, nanyi mrudie kwa maneno yenu yeye akisikiliza. Kama kuna foleni nyuma yenu, foleni isubiri. Mkitoka hapo mpigeni picha mtoto usoni kwa simu, kila asubuhi, dirishani penye mwanga; picha ya jana na ya leo zikiwekwa pamoja huonyesha kile ambacho jicho lililozoea halikioni, na daktari aliye mbali anaweza kutumiwa.

Ikitokea mmeuziwa dawa isiyo sahihi, au mmekataliwa kupokelewa mkiwa na dalili tulizozitaja, mtibuni mtoto kwanza, malalamiko baadaye. Kisha leteni chupa, boksi, risiti, karatasi ya kuruhusiwa na tarehe mlizoziandika. Si lazima muwe na hakika nani mwenye kosa. Hilo ni la kuchunguzwa na wanaohusika. Mlalamikaji hatozwi chochote kwenye dirisha letu, na jina la mtoto halitangazwi.

Tunajua kusikia si sawa na kutenda. Pale mezani muuguzi ameweka mwanasesere, sabuni, beseni na vichupa vilivyotiwa maji safi tu. Tungependa kila mmoja wenu, akina baba nanyi pia, aje aoshe mikono na kumtonea mwanasesere matone mawili bila ncha kugusa kope. Mama mwenye kitenge cha kijani, tuanze nawe, maana mtoto wako ndiye wa kwanza kwenye orodha ya kesho.